BMW Isiyo na Geji ya Joto, na Milima ya Kebirigo

Asubuhi Kebirigo, barabara huwa ya Probox, pikipiki na malori ya majani chai yanayoelekea kiwandani. Siku hizi katikati yao hupita BMW 320i ya umbo la E90, saluni iliyoundwa kuanzia 2005 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Bei ya mtumba imeshuka sana, na wanaoitamani wana sababu. Uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, hivyo kwenye kona za lami yenye mvua hutulia kuliko magari mengi ya rika lake.

Gari hilo haliagizwi tena kutoka Japani wala Uingereza. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, hukataa uagizaji wa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo karibu kila E90 inayouzwa leo imeishi Kenya kwa miaka kadhaa. Mnunuzi huyarithi yote waliyoyafanya wenye gari waliotangulia, na risiti za gereji zina thamani kuliko rangi inayong'aa.

Kinachoua magari haya milimani ni joto. Kaunti ya Nyamira, iliko Kebirigo, hupanda hadi karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,800, maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Thamostati ya injini ya N46, iliyomo katika 320i nyingi za umbo hilo, imepangwa kwa nyuzi 105, ingawa kompyuta huifungua mapema injini inapobeba mzigo. Maji ya injini hayachemki kwa sababu yamebanwa kwa shinikizo chini ya kifuniko cha tangi. Kifuniko kikilegea, au tangi la plastiki likipata ufa mwembamba kama unywele, shinikizo hutoroka na maji hutokota ndani ya injini gari likiwa bado linapanda. Dereva naye haoni sindano yoyote ikisogea, kwani dashibodi ya E90 haina geji ya joto la maji. Ina taa tu: ya manjano, kisha nyekundu. Anayejikaza afike kituo kinachofuata taa nyekundu ikiwaka huunguza gasketi ya silinda hedi, na bili hiyo huweza kukaribia bei ya gari lenyewe.

Kwa hiyo tangi, kifuniko, thamostati, pampu ya maji na mipira yake vibadilishwe kwa pamoja mara tu gari linaponunuliwa, hata kama havivuji. Ndani kuingie kulanti inayofaa, wala si maji ya mtoni.

Kabla ya kulipa, injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, iachwe ingurume dakika kumi bila kukanyagwa mafuta, kisha ikanyagwe. Wingu la moshi wa bluu huashiria sili za valvu zilizochoka, ugonjwa unaojulikana wa N46.

Kompyuta ya E90 huweza kuruhusu oili ikae hadi kilomita 25,000 hivi. Ratiba hiyo ni ndefu mno kwa injini ya zamani inayopanda milima kila siku. Kilomita 7,000 au 8,000 zinatosha.

Spea nyingi hutoka Nairobi, na kosa dogo hugharimu safari nzima ya kifurushi. Muuzaji apewe herufi na tarakimu 7 za mwisho za namba ya chesisi, maana mwaka pekee hautoshi kutofautisha vipuri. Betri mpya nayo lazima isajiliwe kwa mashine ya fundi, la sivyo gari huendelea kuichaji kama ile kuukuu.

Mwisho, buti ifunguliwe. E90 nyingi zilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kukimbia bila upepo, kwa hiyo hazikupewa gurudumu la akiba. Wengi wameshayaondoa na kuweka ya kawaida. Anayetoka Kebirigo usiku na matairi ya kawaida ahakikishe jeki, spana na gurudumu la akiba vimo garini.