Kushuka njia ngumu kwa baiskeli kwa mara ya kwanza: anza kwa kujua breki ya mbele iko mkono gani

Jumamosi iliyopita, kipindi kikiwa kinakaribia kwisha, mzazi mmoja wa huku milimani Lushoto alitutumia ujumbe. Kijana wake amenunua baiskeli ya gia ya mtumba, ile ya matairi manene. Barabara ya vumbi ameshaizoea, sasa anataka kushuka nayo njia ya miguu inayokata mlima hadi kwenye lami. Mzazi akauliza: nimkataze au nimwache? Muda ulikuwa umetuishia, nikaahidi kujibu hapa kwa maandishi.

Mwache, mzazi mwenzangu. Ila kabla hajatoka nyumbani, hakikisha anajua breki ya mbele iko mkono gani. Naanzia hapo kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza jambo hilo nikiwa nimelala kwenye majani, mfupa wa mtulinga umevunjika.

Nilikuwa nimeazima baiskeli ya rafiki. Yangu ina breki ya mbele mkono wa kulia, nami sikuwahi kufikiri kwamba ya mtu mwingine inaweza kuwa tofauti. Nikafika mahali penye mteremko mkali na mawe, nikataka kupunguza mwendo kidogo kwa breki ya nyuma, nikabana mkono wa kushoto. Kumbe hiyo ndiyo ya mbele. Gurudumu la mbele likasimama, mimi nikaendelea na safari peke yangu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anapanda na mzigo wa kuni kichwani alisimama kunitazama. Nikamwamkia "shikamoo" nikiwa chini vilevile. Akaitikia, "Marahaba. Pole mwanangu, hapo hata sisi tunashuka kwa kushika miti." Wiki kadhaa nilisoma taarifa ya habari mkono ukiwa umening'inizwa shingoni.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Baiskeli zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza au Japani kwa kawaida huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Za Marekani na nchi nyingi za Ulaya bara huwa nayo mkono wa kushoto. Mtumba huletwa umechanganyika, na fundi naye akibadilisha waya anaweza kuufunga upande anaouzoea yeye. Kwa hiyo usikisie. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, kisha bana mkono mmoja uone kama linasimama. Ni kazi ya nusu dakika.

Breki ya mbele si adui

Baada ya ajali ile kuna walionishauri nisiiguse kabisa breki ya mbele kwenye mteremko. Ni ushauri unaosikika sana vijiweni, na ni mbaya. Unapofunga breki, uzito wako na wa baiskeli huhamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa ardhini na kushika vizuri, la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza. Ndiyo maana nguvu kubwa ya kusimamisha baiskeli iko mbele. Anayetegemea ya nyuma peke yake kwenye mteremko mkali ataburuza tairi tu huku mwendo ukiongezeka. Tena tairi linaloburuzwa linachimba mfereji katikati ya njia, mvua ikija maji yanafuata mfereji huohuo, na udongo wetu huu mwekundu mnajua unavyoondoka.

Kinachoangusha ni kuibana kwa ghafla. Tumia zote mbili kwa pamoja, kwa kidole kimoja au viwili, ukiongeza nguvu polepole kama mtu anayekamua nguo. Na ufanye hivyo kabla ya mahali pabaya. Kona, mizizi iliyolowa, jiwe linaloteleza: punguza mwendo ukiwa bado kwenye udongo mzuri, kisha ukiwa juu ya kile kizuizi legeza vidole uache magurudumu yazunguke. Gurudumu linalozunguka linapanda jiwe na kulivuka. Lililofungwa linagonga jiwe na kukwama, au linateleza pembeni.

Namna ya kukaa, yaani kutokukaa

Kwenye barabara tunakaa juu ya kiti. Kwenye njia ngumu ya kushuka, kiti ni cha kuteremshwa chini kabisa ili kisikusukume mgongoni, na wewe unasimama juu ya pedali. Pedali zote mbili ziwe usawa mmoja, moja mbele na nyingine nyuma, maana ile inayoning'inia chini ndiyo inayogonga jiwe. Magoti yakunjwe kidogo, viwiko vikunjwe na kutanuka nje. Miguu na mikono yako ndiyo shokapu za kwanza, hata kama baiskeli ina shokapu zake.

Mteremko ukizidi, sogeza makalio nyuma ya kiti na ushushe kifua. Usirudi nyuma mpaka mikono inyooke, kwani hapo tairi la mbele litakosa uzito na usukani hautakutii.

Halafu macho. Baiskeli hufuata mahali unapotazama. Ukilikodolea jiwe macho kwa hofu, utaligonga hilohilo, hata kama pembeni yake kuna nafasi ya kupita ng'ombe. Litazame mara moja ujue lilipo, kisha peleka macho kwenye nafasi unayotaka kupita, mita kadhaa mbele.

Joto

Wenye mashamba ya juu wanaijua barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo kupitia Soni: kilomita zipatazo 33, na unashuka karibu mita 1,000. Ukiishuka kwa kubana breki muda wote, nguvu yote ile inageuka joto. Kwa baiskeli ambazo raba za breki zinabana rimu, rimu inaweza kupata moto kiasi cha kupasua tyubu. Kwa breki za diski, usiguse sahani ile baada ya kushuka, itakuunguza.

Jambo hili ni la zamani kama mchezo wenyewe. Mwaka 1976, karibu na mji wa Fairfax katika jimbo la California, Marekani, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu, nzito, ambazo hazikutofautiana sana na zile tunazobebea mizigo huku. Njia yao ilikuwa na urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 3 na ilishuka mita zipatazo 400. Nyingi ya baiskeli zile zilikuwa na breki za kukanyaga pedali kinyumenyume. Wakifika chini, kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa kimepata moto hadi grisi imegeuka moshi, ikabidi wakifungue na kukijaza grisi upya. Kutokana na kazi hiyo, njia ile ikapewa jina la Repack, yaani kujaza upya. Mashindano hayo yalichangia sana kuzaa baiskeli za mlimani tunazozinunua leo, na tangu mwaka 1996 mchezo huo umo katika Olimpiki.

Wewe usiye na mashindano una nafuu moja: unaweza kusimama. Bana kwa nguvu muda mfupi, legeza, bana tena, na kila mikono inapochoka simama kando. Mkono uliochoka hauna breki.

Pita kwanza kwa miguu

Uingereza, njia za baiskeli za msituni huwekewa rangi: kijani ni rahisi, buluu ni ya wastani, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya wazoefu. Kwetu hakuna vibao hivyo, kwa hiyo njia ijaribu kwa miguu, na waulize wanaoipita kila siku. Ukitembea utaona yale usiyoyaona ukiwa mbioni: kona inayoishia kwenye korongo, jiwe linalocheza, mahali maji yalipokata. Angalia hasa kitakachokupata ukianguka. Jiwe kubwa lenye shamba laini chini yake nina nafuu nalo kuliko ukingo mwembamba wenye bonde kushoto. Chagua mapema sehemu utakazoshuka na kusukuma. Na njia uliyoiona Januari ikiwa kavu, usidhani ndiyo hiyohiyo masika.

Kabla ya kuondoka, bana breki kwa nguvu zako zote. Mkono wa breki ukigusa usukani, rudi kwa fundi. Tazama kama raba zimekwisha au waya umeanza kuchanika. Matairi yasijazwe upepo mpaka yawe kama mti, yatadundadunda juu ya mawe. Yawe magumu kwa kidole gumba lakini yabonyee kidogo. Ukipunguza kupita kiasi, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili mawili.

Vaa helmeti. Ukiwa huna, hata ile ya bodaboda yenye joto ni bora kuliko kichwa kitupu. Aliyegonga kichwa kisha akaanza kutapika, kusinzia isivyo kawaida, kuchanganyikiwa au kuumwa kichwa kinachozidi, apelekwe hospitali hapohapo, asiachwe alale kwanza.

Nenda na mtu, na nendeni saa ambazo njia haina watu. Hapa nasema na vijana waziwazi: njia ile si uwanja wa michezo. Ni ya watoto wanaokwenda shule, mama aliyejitwika kuni, mzee na mbuzi wake. Mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kuruka pembeni. Wewe ndiye unayesimama, unashuka, unaamkia, wanapita. Asubuhi ya siku ya soko usiende kabisa.

Mimi nilirudi kwenye njia ile baada ya miezi mitano, na baiskeli yangu mwenyewe. Nilipita juu kote bila shida. Kwenye yale mawe nilishuka nikasukuma. Mara ya pili nikasukuma tena. Mara ya tatu niliyapita nikiwa juu ya baiskeli, taratibu sana, na rafiki yangu aliyekuwa amesimama chini aliniambia kwamba nilikuwa nimefumbua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho.