Sarufi Nyumbani: Kulinganisha Njia za Kuchanganua Sentensi

Mzazi aliyeamua kumfundisha mtoto wake nyumbani hukutana mapema na swali ambalo mwalimu wa shule huamuliwa na muhtasari: sarufi ifundishwe kwa njia gani, na ianze lini? Nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1993 elimu ya nyumbani inaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50, na ambako familia nyingi za Kikristo zimeichagua, swali hili limezaa mabishano marefu. Katika makala hii tunakusudia kuzilinganisha njia zinazotumika zaidi, kisha tujiulize zinamfaa nini mtu ambaye kazi yake ni kusoma Maandiko na kuyafafanua mbele ya usharika.

Jambo lenyewe si geni katika nyumba yetu ya Kilutheri. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 iliandikwa ili baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hata hivyo Luther huyo huyo, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alikiri kwamba wazazi wengine hawana nia ya kufundisha, wengine hawana ujuzi, na wengine hawana nafasi. Kwa hiyo akadai shule, na katika shule hizo akadai lugha. Anayeisifu elimu ya nyumbani kwa jina la Luther hana budi kuyasoma maandiko hayo yote mawili.

Njia ya kwanza ni ya kukariri. Mtoto hujifunza fasili za nomino, kitenzi, kivumishi na kadhalika, mara nyingi kwa wimbo au kwa kuitikia, kisha huulizwa maswali juu ya kila neno katika sentensi. Njia hii ilipata nguvu kutokana na hotuba aliyoitoa mwandishi Dorothy Sayers huko Oxford mwaka 1947, aliyoeleza kwamba watoto wadogo hupenda kukariri, na kwamba umri huo usipotezwe. Ni kweli watoto hupenda. Lakini kila aliyefundisha darasa la kipaimara anamjua kijana asemaye jibu lote bila kukosea hata neno moja, naye akiulizwa jibu hilo linahusu nini hunyamaza. Fasili ya kitenzi huweza kukaa kichwani miaka mingi bila kukipata kitenzi chochote.

Njia ya pili ni ya michoro, nayo ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Mwaka 1847 Mmarekani Stephen Clark alichapisha kitabu cha sarufi ambamo maneno yaliwekwa ndani ya viduara vilivyounganishwa. Mwaka 1877 Alonzo Reed na Brainerd Kellogg waliviacha viduara wakatumia mistari, na mchoro wao ndio unaopendwa hadi leo na wazazi wengi wa Marekani wanaofundisha nyumbani. Tuchukue sentensi hii: Mkulima mzee aliuza ng'ombe wake mwekundu. Huchorwa mstari mmoja wa kulala. Juu yake huandikwa "mkulima", kisha mstari wa wima unaoukata ule wa kulala, kisha "aliuza", kisha mstari mfupi wa wima unaosimama juu ya ule wa kulala bila kuukata, na mwisho "ng'ombe". Maneno "mzee", "wake" na "mwekundu" hushuka chini kwenye mistari ya mshazari, kila moja likining'inia kwenye neno linalolieleza. Hivyo mtoto huona kwa macho kwamba maneno matatu yanabeba sentensi na mengine yanabebwa.

Wasomaji waliosoma Kiswahili katika sekondari za Tanzania watakumbuka uchanganuzi kwa matawi na kwa jedwali. Tofauti iko hapa: matawi huutunza mpangilio wa maneno na kuonyesha makundi yake, mchoro wa Reed na Kellogg huuvunja mpangilio ili kuonyesha utegemezi. Hasara yake ni kwamba mtoto aweza kuanza kupenda mistari kuliko sentensi. Mchoro safi si lazima utoke kwa msomaji mwelewa.

Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alitumia alama za rangi: pembetatu kubwa nyeusi kwa nomino, duara jekundu kwa kitenzi. Ni njia nzuri kwa watoto wadogo, ingawa hutaja zaidi aina za maneno kuliko uhusiano wake.

Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, alianzia mahali pengine kabisa. Kwake, mtoto aanze na sentensi nzima, si neno moja moja. Ajue kwanza kwamba tunamtaja fulani na kusema neno juu yake. Kiima na kiarifu vitangulie, aina za maneno zifuate, na nyuma ya yote kuwe na kusomewa vitabu vizuri na kuvisimulia kwa mdomo. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba hapo Mason aliona mbali kuliko wengine.

Je, utafiti wasema nini? Mwaka 1963 ripoti ya Braddock na wenzake huko Marekani ilihitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi hakuboreshi uandishi wa wanafunzi, na huenda kukaudhuru kwa kula muda wa kuandika. Mwaka 2007 Graham na Perin walikusanya tafiti za darasa la 4 hadi la 12 wakaona vivyo hivyo kuhusu sarufi. Bali zoezi la kuunganisha sentensi fupi kuwa ndefu liliwasaidia wanafunzi waziwazi. Matokeo hayo yasipuuzwe. Lakini yanapima uandishi. Msomaji anayetaka kujua mtume amesema nini ana haja nyingine, na kwa haja hiyo uchanganuzi bado una kazi.

Kwa Kiswahili, njia hizi haziwezi kuhamishwa kama zilivyo. Neno "aliwasamehe" peke yake ni sentensi: mtenda yumo, wakati umo, watendwa wamo, tendo limo. Sharti neno lifunguliwe kabla ya mstari wowote kuchorwa. Kwa upande mwingine, upatanisho wa ngeli hutufanyia bure kazi ambayo Mwingereza huifanya kwa mchoro. Tukisema "kitabu cha mtoto kilichopotea" hakuna anayedhani kwamba mtoto amepotea. Lakini tukisema "mke wa mchungaji aliyefika jana", ni nani aliyefika? Nomino zote mbili ni za ngeli moja, na usharika mzima waweza kubishana. Hapo michoro miwili inahitajika, mmoja kwa kila maana, na mtoto aliyeichora yote miwili amejifunza jambo ambalo fasili isingemfundisha.

Mfano wa mwisho tuuchukue katika Katekisimo yenyewe. Maelezo ya Luther juu ya sehemu ya pili ya Imani ni sentensi moja ndefu, na vijana wengi huikariri kama msafara wa maneno usio na kichwa. Tuiweke juu ya mstari. Kishazi kikuu ni kukiri kwamba naamini. Yote yaliyobaki yanaeleza ninachokiamini. Ndani ya hayo, kiima ni Yesu Kristo, na kiarifu chake ni kwamba yeye ni Bwana wangu. Maneno kuhusu Uungu wake na ubinadamu wake yananing'inia kwenye jina lake. Ukombozi kwa damu yake unaeleza jinsi alivyopata kuwa Bwana wangu. Kumtumikia kunafuata kama kusudi la ukombozi, wala si sharti lake. Kijana anayeutundika utumishi mahali pa ukombozi amebadili mafundisho kwa kosa la sarufi, na mhubiri aweza kulitenda kosa hilo hilo mimbarani.

Zoezi hili hufanyika kwa chaki na ubao, katika kipindi kimoja. Mwalimu aandike maelezo yote, kisha awaombe vijana wafute kila kinachoweza kufutwa huku sentensi ikibaki imesimama. Wataanza kufuta kwa haraka, na karibu na mwisho watabishana. Mwalimu asiwahi kuwapa jibu.