Kuisoma Fasihi ya Kiingereza ni Kufanya Nini?

Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia kuiaga skuli, na kila mmoja wetu hana budi kuchagua masomo atakayoendelea nayo. Mimi nataka kusoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, kisha, Mungu akipenda, niende chuo kikuu nikasome fasihi ya Kiingereza. Nilipomwambia baba yangu habari hii siku za likizo, dukani kwetu Mpendae, hakukasirika. Alimaliza kwanza kumpimia mteja mchele wake, ndipo akaniuliza: "Na hizo hadithi za Wazungu, mwanangu, utazipima kwa mizani gani?"

Sikuwa na jibu. Basi nimelitafuta, na ndilo hili ninalowaandikia wenzangu wenye nia kama yangu, pamoja na wazee wenye swali kama la baba.

Kwanza nieleze kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Dada yangu alipoanza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, aliandika insha yake ya kwanza juu ya kitabu alichopewa kusoma. Aliisimulia hadithi yote toka mwanzo hadi mwisho, kwa Kiingereza safi, wala hakusahau jina la mtu hata mmoja. Insha ilirudi na alama chache, na chini yake mwalimu ameandika kuwa hadithi anaijua, alichotaka ni kuambiwa imetengenezwaje. Dada alilia siku ile. Lakini baadaye aliniambia kuwa maneno yale machache yalimfunza kuliko kitabu kizima. Kuijua hadithi ni mlango tu. Aisomaye fasihi huingia ndani akauliza: Kwa nini neno hili na si lile? Nani anayetusimulia, na je, ni wa kuaminiwa? Mwandishi amenyamaza wapi, na kwa nini? Kisha kila ajibulo, sharti alitolee ushahidi kutoka katika kurasa zenyewe.

Nitoe mfano wa kwetu. Abdulrazak Gurnah alizaliwa hapa Unguja mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964, akiwa bado kijana, aliondoka kwenda Uingereza, na huko akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Lugha aliyokulia ni Kiswahili, ila vitabu vyake ameviandika kwa Kiingereza, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu chake kiitwacho Paradise kilitoka mwaka 1994. Mwaka 2022 kilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Dada alikuja navyo vyote viwili nyumbani, nami nikavisoma kimoja huku na kingine huku.

Hadithi yenyewe ni ya mtoto wa miaka kumi na miwili aitwaye Yusuf, zama za utawala wa Wadachi huku kwetu. Tajiri mmoja, Aziz, huja kwao mara kwa mara, naye humpa mtoto sarafu kila anapoondoka. Yusuf humwita kwa neno la Kiingereza "uncle". Siku moja anaambiwa afuatane naye safarini, anafurahi kupanda treni, na mwisho wa safari anakuta kuwa baba yake amemweka rehani kwa sababu ya deni. Dukani kwa tajiri yumo kijana mwingine, Khalil, aliyetangulia kuwekwa rehani vivyo hivyo, naye humkanya: yule si jamaa yako, mwite Seyyid.

Tazama sasa kazi ya neno moja. Kiingereza kina "uncle" tu, na ndani yake wamo ami, mjomba na hata mtu mzima yeyote wa kuheshimiwa. Kiswahili hakikubali hivyo. Ami ni wa upande wa baba, mjomba ni wa upande wa mama, na kila mmoja ana haki zake na wajibu wake. Msomaji wa Kiingereza hupita hapo upesi. Sisi tunasimama na kuuliza: huyu ni ndugu wa nani hasa? Tukiuliza hivyo, tumekwisha kuugusa uongo ambao mtoto yule amelelewa nao. Hapa ndipo nilipotambua kuwa mtu wa Unguja hana haja ya kwenda katika somo hili mikono mitupu.

Usiku nilikuwa nikimsomea bibi yangu Peponi barazani. Hajapata kusoma riwaya maishani mwake, lakini Kurani aliisoma chuoni na visa vya Mitume anavijua. Tulipofika mahali ambapo mke wa tajiri anamtamani Yusuf, naye akakimbia na shati lake likachanika, bibi alinishika mkono. "Limechanika wapi?" Nikamwambia, kwa nyuma. "Basi hana kosa," akasema, "ushahidi ni ule ule." Kwani katika Sura ya Yusuf, kanzu iliyochanika nyuma ndiyo iliyomtoa Nabii Yusuf katika tuhuma. Gurnah ameichukua habari hiyo akaiweka katika pwani yetu, lakini mwisho akaugeuza: Nabii Yusuf alipewa cheo kikubwa katika nchi ya Misri, na Yusuf wa riwaya anaishia kuwakimbilia askari wa Wadachi. Kwa nini mwisho mmoja ni wa heshima na mwingine si wa heshima? Swali hilo latosha insha nzima ya chuo kikuu, na aliyetufungulia mlango wake ni bibi asiyejua Kiingereza.

Mfano wa pili ni wa Mwalimu Nyerere. Shakespeare aliandika mchezo ambao jina lake lamtaja mfanyabiashara mmoja wa mji wa Venice. Mwalimu alipoufasiri mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliuita Mabepari wa Venisi. Mmoja amekuwa wengi, na mfanyabiashara amekuwa bepari, neno ambalo siku zile lilikuwa na ukali wake. Mtu aweza kulikubali jina hilo au kulikataa, lakini hawezi kusema kuwa halina maana.

Wako wanaosema kuwa somo hili ni la kuwasifu Waingereza. Huko nyuma palikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka 1968, walimu watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pawe na idara ya fasihi ambayo Afrika ndiyo kitovu chake, na fasihi simulizi ipewe nafasi. Hawakutaka vitabu vya Waingereza vitupwe. Walitaka mwanafunzi aanze kusimama nyumbani kwake, ndipo aitazame dunia. Mabadiliko yalifuata Nairobi, na hoja yao ingali ikijadiliwa katika vyuo vingi.

Kwa wenzangu watakaokwenda huko, nina mausia matatu tu. Kisome kitabu mara mbili, ya kwanza kwa raha na ya pili penseli ikiwa mkononi. Neno usilolijua lifungulie kamusi, na lile unalodhani unalijua lifungulie pia. Na usiseme "nadhani" bila ya kuonyesha ukurasa uliokufanya udhani.

Nimalizie na baba. Jioni ya mwisho ya likizo alitusikia mimi na bibi, akaja kukaa nasi na daftari la madeni mkononi. Daftari hilo lina majina ya nusu ya mtaa. Nilipomweleza kuwa Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake, alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaliweka daftari chini na kuuliza: "Na mama yake, alijua?"

Sikumjibu kwa kichwa. Tulirudi kurasa za mwanzo, nikamsomea polepole kila mahali mama yule anapotajwa, tukatazama anasema nini na ananyamaza wapi, mpaka taa za jirani zikazimwa. Kuhusu masomo yangu hakusema neno. Lakini asubuhi, aliponisindikiza kituo cha daladala kurudi dakhalia, aliniambia kitabu nikiache, hawajakimaliza.