Mafunzo ya Watoaji wa Viti vya Magurudumu

Watu wengi hudhani kwamba mtu asiyeweza kutembea akishapewa kiti cha magurudumu haja yake imekwisha. Aghalabu kiti hutolewa mbele ya wageni, picha hupigwa, kisha jamaa hukisukuma mpaka nyumbani. Lakini kiti kipana mno humfanya mtu akae upande, na kiti kisicho na mto ufaao huweza kumtia kidonda. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo mara nyingi hana hisi matakoni. Hasikii maumivu, wala hajui kwamba nyama imeanza kuoza mpaka nguo zimelowa usaha. Kidonda cha namna hiyo huweza kufika mfupani, na sumu yake ikiingia katika damu huua.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008, na mwaka 2012 likatoa mafunzo ya daraja la kwanza, ambayo huweza kufundishwa kwa muda wa siku tano. Hayakuandikwa kwa ajili ya madaktari peke yao. Muuguzi, fundi, au mhudumu wa afya wa kijijini aweza kufunzwa. Daraja hili lahusu watu wawezao kukaa wima bila kutegemezwa. Waliopinda mwili wana mafunzo ya daraja la pili, yaliyotolewa mwaka 2013.

Mwanafunzi huanza kwa kuuliza, si kwa kupima. Yampasa ajue mtu huyo anaishi wapi, njia yake ni ya mchanga au ya mawe, mlango wake una upana gani, na kama amepata kuwa na kidonda. Kisha hupima upana wa nyonga, ambao ndio upana wa kiti. Na urefu kutoka nyuma ya nyonga mpaka nyuma ya goti, akipunguza sentimita 3 hadi 6 ili ukingo wa kiti usikate mguu. Urefu wa muundi huonyesha mahali pa kuweka vikanyagio.

Somo lenye thamani kuliko yote halihitaji chombo chochote. Mgonjwa akiwa amekaa juu ya mto, mwanafunzi, akiisha kumwomba ruhusa, huingiza vidole vyake chini ya mfupa wa kukalia. Ncha za vidole zikiweza kuchezacheza kwa kiasi cha milimita 5 au zaidi, mto ni salama. Zikishindwa kucheza lakini zatoka kwa urahisi, hilo ni onyo. Zikibanwa hata kutoka ni kwa shida, mto huo haufai na haupasi kutumiwa. Upande wa pili nao hupimwa vivyo hivyo, kwa maana watu wengi hulemea upande mmoja.

Baada ya hayo huja kumfundisha mwenye kiti na jamaa zake: kuinama mbele au kuegemea kando mara kwa mara ili damu ipite, kuitazama ngozi kwa kioo kila siku, na kushushwa ngazi. Katika mafunzo mema wanafunzi wenyewe huketi vitini na kusukumana nje, na hapo ndipo wengi hutambua mara ya kwanza jinsi kizingiti kidogo kilivyo ukuta.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii si ngeni. Chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, kijulikanacho kwa herufi zake APDK, kilianzishwa mwaka 1958. Chuo cha TATCOT mjini Moshi, Tanzania, kilichofunguliwa mwaka 1981, kimewafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, na mafundi wa viti pia.

Mwaka 2023 mwongozo ulipangwa upya katika hatua nne: kuchagua, kurekebisha, kufundisha na kufuatilia. Hatua ya mwisho ndiyo isahauliwayo upesi. Mtoto hukua, mto hubonyea, na kiti kilichofaa mwaka jana huwa hatari mwaka huu. Tairi na spoki, hata hivyo, hazina siri. Fundi wa baiskeli aliye jirani aweza kuzitengeneza siku hiyo hiyo.