Kamyo ya pompie ikistaafu: kilometa kidogo haimaanishi gari mpya

Kule Ujerumani, wazima moto wengi ni watu wa kujitolea. Kamyo yao inalala ndani ya garaje, inatoka tu kama kuna moto ao siku ya mazoezi. Ndiyo sababu gari ya miaka 30 inaweza kuuzwa ikiwa na kilometa 20 000 hivi. Wasafiri wa mbali wanazipendaka sana, zaidi zile Mercedes-Benz na Magirus-Deutz za zamani zenye kusukuma magurudumu yote ine. Wanatoa pompi na tanki, wanaweka nyumba ndogo ya kulala nyuma, kisha wanashika njia ya jangwa.

Lakini kilometa hazisemi yote. Mpira unazeeka hata gari ikisimama: mapine, mipira ya freni, yote. Pine inaweza kuwa na meno mazuri, kumbe imekauka, na siku ya mzigo inapasuka. Hii inatuhusu hapa kwetu. Wewe mwenye kununua mapine ya okazio Goma, Butembo ao Uvira, tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu ine za mwisho ndizo umri: 2309 maana yake juma la 23, mwaka wa 2009. Muuzaji atakuambia iko mpya. Wewe soma mwenyewe.

Kazi ngumu zaidi ni ile nyumba. Shasi ya kamyo inajipinda kidogo: gurudumu moja likiingia kwenye shimo, inajikunja ili mengine yabaki chini. Nyumba yenyewe haijikunji. Ukiikaza kwa mabulo kwenye kona zote ine, ukuta unapasuka, mlango unakataa kufunga, mvua inaingia. Basi mafundi wengi wanaikalisha juu ya nukta tatu zenye kuachia mwendo. Kila mama anayepika anajua: chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata kama chini si sawa.

Uzito nao. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kutoa maji lita 2 400 ni kupunguza tani mbili na zaidi. Watu wanafurahi, halafu wanapakia frigo, mazutu, vitanda, na pikipiki juu. Vizito vikikaa juu, gari inalala kwenye kona.

Taa za buluu na sireni, raia haruhusiwi kutembea akizitumia. Rangi nyekundu, wengi wanaiacha.