Mtoaji na Mpokeaji: Kemia ya Mashudu ya Pamba

Mkoa wa Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Mkulima wa Mkula, kama wenzake wa wilaya jirani, huitazama pamba kwanza kwa ajili ya nyuzi zake. Hata hivyo, nyuzi zikisha kuchambuliwa mbegu hubaki, na mbegu hizo zikikamuliwa mafuta hubaki mashudu yenye protini nyingi. Ng'ombe mzima akilishwa mashudu hayo kwa kiasi hunenepa. Nguruwe akilishwa kwa wingi kwa majuma kadhaa huhema kwa shida, hudhoofika, na huweza kufa. Kuku naye hutaga mayai ambayo kiini chake, hasa yanapowekwa kwa muda, hugeuka rangi na kuwa ya kijani iliyofifia. Je, ni kitu gani kiletacho matokeo haya matatu?

Mbegu ya pamba ikipasuliwa, ndani yake huonekana vidoa vidogo vyeusi. Hivyo ni tezi zenye gosipoli, kampaundi ya rangi ya manjano ambayo mmea huitumia kujikinga na wadudu. Fomula yake ni C₃₀H₃₀O₈. Miongoni mwa atomi zake 8 za oksijeni, 6 zimo katika vikundi vya haidroksili na 2 katika vikundi vya aldehaidi. Sumu yake hutokana na vikundi hivi.

Mwaka 1923 mwanakemia wa Marekani, G. N. Lewis, alieleza kwamba kani ya kemikali yaweza kuundwa pale ambapo chembe moja inatoa jozi nzima ya elektroni na nyingine inaipokea. Ya kwanza huitwa mtoaji, ya pili mpokeaji. Mfano ufundishwao shuleni ni amonia: naitrojeni yake hutoa jozi, na ioni ya haidrojeni huipokea.

Gosipoli ni mtoaji hodari. Atomi zake za oksijeni zilizokaribiana hutoa jozi za elektroni kwa ioni ya chuma, nazo huishika ioni hiyo kama makoleo yanavyoshika kaa la moto. Ndani ya yai, chuma cha kiini hunaswa hivyo, na rangi hubadilika. Ndani ya nguruwe, chuma kinachohitajika katika kutengeneza damu hupungua. Moyo na ini navyo hudhurika.

Lakini gosipoli hupokea pia. Kaboni ya kikundi cha aldehaidi ina upungufu wa elektroni, hivyo hupokea jozi kutoka naitrojeni ya lisini, mojawapo ya asidi amino za protini. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe, gosipoli nyingi hufungwa na protini kabla ya kuingia katika damu. Ndama ambaye tumbo hilo halijakomaa hana kinga hiyo. Joto la kukamulia mafuta nalo hufunga sehemu ya gosipoli, ila kwa gharama: lisini iliyofungwa haimfai mnyama tena.

Dawa yatokana na kanuni ile ile. Ikiwa gosipoli hutafuta mpokeaji, yafaa apewe ndani ya chakula, ili isiufuate mwili. Kwa chakula cha nguruwe hutumika salfeti ya chuma, kwa kipimo cha gramu 1 ya chuma kwa gramu 1 ya gosipoli ambayo haijafungwa. Gramu 5 za salfeti hiyo yenye maji ya fuwele zina chuma cha gramu 1 hivi. Chuma kikizidi nacho ni sumu. Kwa hiyo kipimo hupangwa na mtaalamu wa mifugo baada ya mashudu kupimwa.

Njia nyingine ni kuizuia gosipoli isitengenezwe. Mwaka 2006 Keerti Rathore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walitangaza pamba ambayo mbegu zake zina gosipoli kidogo sana, huku majani yakibaki na kinga yake. Walitumia vipande vya RNA vinavyojipanga sambamba na ujumbe wa jeni inayohusika, na ujumbe huo ukaharibiwa. Vipande hivyo huutambua ujumbe kwa kani za haidrojeni: 2 kati ya adenini na urasili, 3 kati ya guanini na sitosini. Hapa mwanafunzi awe mwangalifu. Katika kani ya haidrojeni, mtoaji ni yule mwenye haidrojeni, na mpokeaji ndiye mwenye jozi ya elektroni. Majina yamegeuka, kwa sababu kinachohesabiwa kutolewa ni haidrojeni.

Mamlaka za Marekani ziliruhusu pamba hiyo ilimwe mwaka 2018 na itumike kwa chakula mwaka 2019. Kwa mfugaji mwenye mashudu ya kawaida, kanuni ya kufuata ni hii: ng'ombe wazima wapewe kwa kiasi, ndama, nguruwe na kuku wasipewe bila ushauri.

Zoezi: Uzito wa molekuli ya gosipoli ni 518.6 na wa atomi ya chuma ni 55.8. Katika kipimo kilichotajwa hapo juu, kuna atomi ngapi za chuma kwa kila molekuli moja ya gosipoli?