Presha ya mzee: pima saa gani, na ulipe nini Kisaju

Kama nyumbani Kisaju kuna mzee wa miaka sitini kwenda juu, na pesa za kumpima moyo mwezi huu ni chache, anza na kitu kisichouzwa popote: saa ya kumpima. Kipimo kilekile kwa mtu yuleyule kinaweza kutoa jibu moja alfajiri na jingine alasiri. Usipolijua hilo, unaweza kulipa mara tatu na bado daktari akakwambia mrudie.

Presha hushuka mtu akiwa usingizini, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 20, kisha hupanda haraka anapoamka. Asubuhi hiyohiyo damu huganda kwa urahisi zaidi, na nguvu ya mwili ya kuyeyusha madonge huwa chini. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani wakiongozwa na James Muller walionyesha kwamba mshtuko wa moyo huwapata watu zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana kuliko usiku. Ongeza baridi ya Julai kwenye tambarare hizi za Kaputiei, maana baridi nayo hubana mishipa, na utaona kwa nini asubuhi ndiyo saa ya kuchunguza.

Sasa angalia wazee wengi wanavyopimwa. Mzee anapanda matatu kwenye barabara ya Namanga, anashuka Kitengela karibu saa tano, chai ya rangi bado iko tumboni, anapimwa mara moja akiwa amesimama dirishani mwa duka la dawa. Namba ikiwa juu anaambiwa anunue tembe. Ikiwa chini anarudi nyumbani akifurahi. Majibu yote mawili yanaweza kuwa si kweli.

Sisemi duka la dawa halifai. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 ulikuta asilimia 56 ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata siku moja, na kwa mtu kama huyo shilingi 50 au 100 za dukani ni pesa zilizotumika vizuri. Mwambie tu akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Mhudumu akikataa kungoja dakika tano, nenda duka la pili.

Shida ya dukani ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Kinachotakiwa ni wiki nzima: asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, ukingoja dakika moja kati ya kipimo na kipimo, kisha unatupa namba za siku ya kwanza na kutafuta wastani wa zilizobaki. Piga hesabu. Ni safari kumi na nne. Kwa shilingi 50 kila moja ni 700. Ukiweka boda boda ya shilingi 100 kwenda na kurudi, wiki moja imefika 2,100. Na duka lenyewe halijafunguliwa mzee anapoamka.

Ndiyo maana mashine ya nyumbani, hata kwa mwenye mfuko mwembamba, ndiyo ninayoipendekeza. Ya kufunga juu ya kiwiko utaipata Kitengela au Nairobi kwa kati ya shilingi 2,500 na 8,000. Wiki mbili za safari za dukani zinakaribia bei ya mashine ya kati, na mashine itakutumikia miaka.

Iache ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Ni ndogo na hubebeka, na mara nyingi ni ya bei nafuu, lakini mkono ukishuka kidogo chini ya usawa wa moyo namba inapanda. Kwa mzee anayetetemeka au kusinzia wakati wa kupimwa, utakuwa umenunua ubishi wa nyumbani.

Gharama za kujificha ziko kwenye mkanda. Mashine nyingi huja na mkanda wa ukubwa wa kawaida, na mzee mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo presha yake itasomeka juu kuliko ilivyo. Mkanda mkubwa huuzwa peke yake, na kwa baadhi ya mashine haupatikani kabisa humu nchini. Basi nenda na utepe wa fundi cherehani, pima mzingo wa mkono wa mzee katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda kabla ya kutoa pesa. Uliza pia kama waya wa umeme umo ndani ya boksi. Nyingi hutumia betri nne, na betri za bei ya chini huisha haraka.

Bei kubwa si hakikisho la usahihi. Nyongeza nyingi za bei ni za rangi, sauti inayosoma namba, na kuunganisha na simu. Kinachofaa kulipiwa ni mashine iliyojaribiwa na kuthibitishwa. Modeli hizo zimeorodheshwa bure kwenye tovuti ya STRIDE BP, na kuisoma hakuli bando kubwa. Kama modeli haimo kwenye orodha, usishawishike na punguzo. Na kama moyo wa mzee haupigi kwa mpangilio, mashine hizi zinaweza kukosea. Rudia mara tatu na umwambie daktari.

Majirani watatu wanaweza kuchanga mashine moja kwa urahisi kuliko kuchanga ng'ombe wa harusi. Kila mmoja aichukue wiki yake, na kila mmoja awe na daftari lake, maana kumbukumbu ya mashine huchanganya watu. Asubuhi pima baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya chai na kabla ya tembe. Nyumbani wastani wa 135/85 au zaidi unahesabika kuwa juu. Kliniki hutumia 140/90. Usichanganye mizani hizo mbili ukaogopa bure au ukatulia bure.

Ukishakuwa na daftari, ndipo uende kituoni. Tangu Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, na aliyesajiliwa huhudumiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma vilivyoingia mkataba. Kujisajili ni kwa *147#, na hakuhitaji mtu wa kati wa kulipwa. Tatizo liko hospitali ya ngazi ya nne kama ile ya Kitengela: huko unatakiwa uwe umelipa mchango, na asiye na mshahara hutakiwa alipe wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Kama unajua mzee atahitaji vipimo vikubwa mwaka huu, tenga hizo kabla ya kuwaza kliniki ya binafsi, ambako ada ya kumwona daktari peke yake inaweza kula 1,000 kabla hujaguswa.

Kuhusu damu, hapa watu hupoteza pesa na asubuhi nzima ya njaa. Kolesteroli ya kawaida haihitaji kufunga. Wataalamu wa Ulaya waliliafiki hilo mwaka 2016. Anayehitaji kurudia akiwa amefunga ni yule ambaye mafuta ya aina ya trigliseridi yametoka juu sana, kwa kuwa hayo hupanda baada ya mlo. Sukari ni hadithi nyingine. Sukari ya kufunga inataka saa nane bila chakula, na kwa baadhi ya watu hupanda yenyewe alfajiri. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa takriban miezi mitatu, hakijali saa wala uji. Ni ghali zaidi, mara nyingi 1,500 kwenda juu, lakini kwa mzee wa Kisaju ambaye safari ya kuja na njaa ni mateso, kinaweza kujilipa.

Jihadhari na vifurushi vya vipimo vinavyouzwa kwa jina la "moyo wa mwanaume". Mara nyingi hubeba CRP, kipimo cha uvimbe mwilini. Hakibadiliki sana kwa saa za siku, lakini jino bovu au mafua hukipandisha, nawe unaondoka na hofu uliyoilipia. Hubeba pia homoni ya kiume, ambayo ikipimwa baada ya saa nne asubuhi inaweza kuonekana chini kuliko ilivyo, kisha unauziwa dawa. Omba orodha ya vipimo kimoja kimoja na bei zake, uchukue presha, kolesteroli na sukari. Vingine vingoje neno la daktari.

Tukirudi kwenye presha, kuna mashine ya kuvaa kwa saa ishirini na nne, inayoipima hata usingizini. Ni ya hospitali, bei yake huanza maelfu kadhaa, na si ya kila mtu. Mwenye kisukari, anayekoroma na kukata pumzi, au ambaye namba zake za nyumbani na za kliniki hazipatani, huyo inamfaa, kwa sababu presha isiyoshuka usiku ni ya hatari na hakuna njia nyingine rahisi ya kuiona.

Na tembe? Usilipie safari ya daktari ili tu kuhamisha saa ya kuzimeza. Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliochapishwa 2022 ukiwa na watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya mishtuko ya moyo, kiharusi wala vifo kati ya wanaomeza asubuhi na wanaomeza jioni. Chagua saa ambayo mzee hasahau. Isipokuwa ile ya kukojoza: ukimpa usiku, atatoka gizani mara tatu kwenda choo cha nje, na kuanguka kunagharimu zaidi ya tembe.

Maumivu ya kifua yakimshika alfajiri, usingoje kukuche wala kutafuta mashine, mpeleke hospitali. Namba ya dereva mwenye gari ihifadhiwe leo, na bei ya usiku mkubaliane mapema, kwa sababu saa kumi usiku hakuna anayepunguza.